Farasi Aliyemwangusha Baba

Dada Varvara,

Huku milimani theluji imeyeyuka, na ng'ombe wetu amezaa. Baba anatembea, ingawa bado anachechemea tangu farasi wetu Murga alipomwangusha.

Jana alimwendea na mjeledi. "Leo huyu farasi atanijua mimi ni nani."

Nilisimama mlangoni mwa banda. "Basi anza na mimi, Baba."

Alinitazama, kisha akautupa mjeledi, akaingia, akashika kamba. Murga alirudi nyuma, akaupiga ukuta kwa kwato.

"Unaona? Ananichukia."

"Anakuogopa, na kamba inamwambia kwamba nawe unaogopa. Ilegeze. Pumua, umngoje."

Aliilegeza. Tulingoja sana. Hatimaye Murga aliinamisha kichwa, akasogea mwenyewe, akamnusa begani. Baba hakuthubutu kumgusa.

"Varvara naye," akauliza bila kugeuka, "aliniogopa hivi?"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo maana aliondoka."

Leo asubuhi alinikuta nasonga ugali. Akaniomba nikusalimie.

Salamu zake ndizo hizo, dada. Kuzipokea au kuziacha, sitakulaumu.

Mdogo wako,
Ilinca