Betri Imevimba na Shemeji Haambiliki

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni, maana yamenifika kooni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kwa miaka minane, nikishamaliza nguo za wateja, nilikuwa nikiandika kitabu cha kufundisha kukata nguo, vipimo na michoro yote, kwenye laptop kuukuu aliyoniachia mteja alipohama. Mwaka jana ilizima nikaitia kabatini, na mwezi huu mchapishaji akasema nimpelekee kitabu kabla ya mwezi kwisha, nikaitoa, nikaichomeka, kimya.

Hapo ndipo akaingia shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye hapa nyumbani tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kugusa feni ikazunguka. Nikamwambia, "Shemeji, hii taa ya kwenye chaja zamani ilikuwa inawaka, sasa haiwaki." Akacheka, akasema, "Wewe shona, shemeji. Hiyo betri imelala tu, inataka baridi." Akaichomoa, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akailaza kwenye friza juu ya nyama siku tatu, na mimi nikanyamaza. Haikuamka. Akaleta betri ya laptop nyingine kabisa kutoka kwa rafiki yake, ilipokataa kuingia akaikwangua pembeni kwa kisu changu cha kufumulia nyuzi, ikaingia kwa nguvu, laptop ikawaka dakika kumi, kitabu changu nikakiona kwa macho yangu, ikazima tena.

Sasa hiyo betri imevimba mpaka laptop haikai sawa mezani, na unajua shemeji na mume wangu wamefanya nini? Wameipandishia pasi yangu ya chuma, ile nzito ya kunyooshea makoti, eti betri ikandamizwe irudi ilivyokuwa, na waya umechomekwa ukutani! Nikitaka kumwita fundi wa kompyuta, mume wangu anasema, "Utakuwa umemvua nguo mdogo wangu mbele za watu." Mama mkwe naye hasemi nami tangu juzi nilipomtaja huyo fundi. Nifanyeje nipate msaada bila kumuudhi shemeji?

Fundi Cherehani Aliyechoka

*

Dada fundi, barua yako nimeisoma nimesimama. Kabla hujaendelea na mstari unaofuata, zima umeme ukutani, kisha kaondoe hiyo pasi. Nenda, nakusubiri.

Umerudi? Haya. Betri iliyovimba haikandamizwi, haitobolewi, haichajiwi wala haigandishwi. Ikipasuka inawaka moto, na ninyi mmeiweka kwenye chumba kilichojaa vitambaa! Mngeungua na nyumba yenu kwa ajili ya heshima ya Injinia. Ikiwa si ya moto na haitoi harufu, beba laptop taratibu, betri ikiwa humo humo, ukaiweke nje kwenye saruji, kivulini, mbali na chochote kinachoshika moto. Usiichokonoe. Ukiona moshi, kaeni mbali nayo wote, na Injinia umshike mkono.

Sasa nikwambie kilichonichemsha damu. Mimi ni mtu wa maneno, kwa hiyo barua yako nilimpa fundi wa kompyuta za ofisi yetu. Akasoma, akashika kichwa. Anasema laptop yako inaelekea haina ugonjwa mkubwa, kwa sababu iliwaka. Iliwaka kwa chaji iliyokuja na betri ya kuazima, chaji ilipokwisha ikazima, kwa kuwa hakuna umeme mpya uliokuwa unaingia. Kinachoshukiwa ni chaja. Wewe uliiona ile taa haiwaki siku ya kwanza kabisa, ukasema, ukaambiwa ukashone! Laptop nyingi za zamani zenye betri ya kuchomoa huwaka kwa chaja peke yake, bila betri yoyote, na katika watu wazima wote wa nyumba hiyo hakuna aliyejaribu.

Na wewe nakugombeza. Umenyamaza kwenye friza, umenyamaza kwenye kisu. Mteja akija kukutilia mkono kwenye mkasi ungemfukuza, ila kazi yako ya miaka minane umeiacha ichezewe ili watu wasinune. Tena swali uliloniuliza ni la kumlinda shemeji. Kitabu hukukiulizia hata kidogo.

Mama mkwe atanuna, kisha atachoka kununa. Mume wako mwambie hivi, kwa upole lakini bila kukwepa macho: "Mdogo wako nampenda, ila hii hataigusa tena." Kisha leo hii mwite fundi aje nyumbani na chaja nzima inayofaa mashine hiyo. Aitoe betri yeye mwenyewe na aondoke nayo, isitupwe jalalani. Ikiwaka, usianze kusoma wala kurekebisha koma, nakili kitabu kwenye flashi mbili kwanza. Isipowaka, usilie, kitabu kimo kwenye diski, hakimo kwenye betri, na diski inaweza kutolewa ikasomwa kwenye mashine nyingine.

Injinia akitaka kusimama pembeni aangalie, aangalie, atajifunza. Lakini fundi akiuliza nani aliyemwita, asijibu mumeo wala shemeji yako. Sema, "Ni mimi. Ndani humo kuna kitabu changu."