Shushen, Uliyeliliwa Kabla ya Siku Yako

Umetimia mwaka mmoja, Shangazi Shushen, tangu tulipozigeuza picha zote za nyumbani kwako zikatazama ukuta na kukifunika kioo cha ukumbini, kama tufanyavyo mtu akitoka na asirudi.

Picha iliyo juu ya tangazo hili haina uso wako, na wasomaji watusamehe. Uliwapiga picha watu wote wa Mtaa Mwekundu, maharusi, wafuma mazulia, wazee waliovua viatu mlangoni pa sinagogi, na wewe mwenyewe ukabaki nyuma ya kamera. Tuliyo nayo ni hii moja, uliyoitega ijipige yenyewe. Mama Mozol, mlizaji wa misiba mtaani, ameketi, mdomo wazi, na mbele yake shuka jeupe limemfunika mtu. Soksi ya sufu inayochungulia mwisho wa shuka ni yako.

Ulikuwa mkarimu hadi tukakasirika. Mzee akikusimulia habari za ujana wake, ulimrudia na picha yake iliyosafishwa na sahani ya kabichi zilizojazwa nyama, hata kama sisi nyumbani tulikula mkate na chai.

Kila asubuhi, ukienda dukani, ulibisha hodi kwenye nyumba zilizofungwa, za wale waliohamia Moscow na Israeli. Ulisimama, ukasubiri, kisha ukaendelea na safari yako. Mama yetu Bilgis alikuuliza, "Wifi, unamgongea nani? Humo mna panya tu."

"Nawakumbusha panya kwamba nyumba ina wenyewe," ulimjibu.

Katika kaseti zako zimo nyimbo za harusi ambazo hakuna anayezijua tena, na sauti za mabibi wakieleza jinsi walivyotia sufu rangi kwa maganda ya matunda ya mjozi. Kilikosekana kitu kimoja tu, kilio, zile nyimbo za kumlilia maiti. Aliyebaki akikijua chote ni Mama Mozol, na uliogopa afe nacho. Msibani hukuthubutu kupeleka rekoda. Ulisema kumwekea mfiwa mashine usoni ni wizi. Ukamwita kwako, mchana, siku ya kawaida.

"Nimlilie nani?" alisema. "Jiko lako? Nyumba haina maiti. Kilio kikiimbwa bure, kifo kinasikia, kinakuja kuuliza nani ameita."

Ukaitega kamera, ukawasha rekoda. Ukalala juu ya zulia, miguu kuelekea mlangoni, ukajifunika shuka.

"Haya, maiti hii hapa. Nililie mimi."

"Una wazimu, Shushen."

"Wenye wazimu nao hufa. Anza, soksi zinanibana."

Akaanza. Kilio chetu si sifa tupu. Mlizaji humpa anayekwenda salamu za kuwapelekea waliotangulia. Mama Mozol alikupa salamu za kumpelekea kaka yake Hizgil, ambaye hakurudi kutoka vitani: kwamba mjozi alioupanda bado unazaa, na kwamba mama yao aliendelea kumwekea bakuli mezani hadi alipokufa. Majirani waliosikia sauti waliingia mmoja mmoja. Walijua uko hai. Hata hivyo walipiga magoti pembeni mwa shuka na kutoa salamu zao. "Mwambie mume wangu paa halivuji tena," mmoja alisema, na hakuwa anatania.

Mama Mozol aliponyamaza, sauti yako ikatoka chini ya shuka: "Na ule wimbo wa mlango?"

"Ule ni wa kumfungulia anayekwenda. Huo ni wa siku yake. Amka unywe chai."

Uliamka ukicheka. Yeye hakucheka. Alikushika mkono akasema, "Umebeba salamu za watu, mwanangu. Salamu hazikai."

Tangu siku hiyo ulitembea polepole. Ulisema mfuko wa aproni yako umekuwa mzito, na sisi tulipotia mkono humo tulikuta dawa zako za moyo, basi. Kabla matufaha hayajachumwa, ulikuwa umeondoka.

Wanaosema ulijiitia kifo, na wasome hapa. Moyo wako ulikuwa mgonjwa miaka mingi, na ulijua. Hukuchezea kifo. Ulikuwa unashindana nacho mbio, na ni heri mtu aliyekimbia kuliko wale waliokaa vibarazani wakikuhesabia hatua.

Lakini baba yetu Ashur, kaka yako, naye alisema kama wao. Kwetu mtu huzikwa siku ile ile aliyokufa. Maji ya kukuoshea yalikuwa yamekwisha kuteremshwa, moto bado unawaka uani, naye alisimama kando ya moto, kaseti ya kilio mkononi.

"Hii ndiyo iliyomla dada yangu. Naitia hapa."

Ndani, umelala mahali pale pale, juu ya zulia lile lile, wanawake walimngoja Mama Mozol aanze. Hakuanza. Dada yetu Tirso akamwinamia: "Bibi, watu wanangoja."

"Nimekwisha mlilia. Mtu haliliwi mara mbili. Kilio chake mnacho nyumbani. Kiko wapi?"

Akageukia dirishani. "Ashur! Unataka dada yako aende kimya kama paka?"

"Kaseti hii imemuua, Mama Mozol!"

"Basi choma. Halafu uingie umlilie wewe. Nakungoja."

Baba alisimama pale hadi moto ukaanza kulala. Kisha akaingia, macho yamemwiva, akaitia kaseti kwenye rekoda yako.

Ikatoka sauti yako. "Anza, soksi zinanibana." Miguu yako ilikuwa mitupu ndani ya sanda. Wanawake wawili walikimbilia uani. Waliobaki walikisikia kilio chote, Hizgil na bakuli, paa na mume, na hakuna aliyeinua macho, mpaka ulipouliza, kwa sauti yako ile ile ya kututuma chumvi, "Na ule wimbo wa mlango?"

Wote tukaitazama sanda.

"Huo ni wa siku yake," rekoda ikajibu, na baba akaisimamisha.

"Leo ndiyo siku yake, mwanangu," akasema Mama Mozol aliyekuwa mbele yetu, akavuta pumzi.

Hapo baba akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, kama alivyokuona wewe ukifanya. Kwa hiyo ule mwaliko wa kuamka unywe chai umefutika, na juu yake sasa upo wimbo wa mlango, wote, hadi mwisho. Kazi yako imetimia, Shangazi. Aliyeitimiza ni yule aliyetaka kuichoma.

Mlango siku hiyo ulikuwa wazi tangu asubuhi, umeegemezwa jiwe. Lakini kwenye kaseti, Mama Mozol anaponyamaza, bawaba inalia mara moja. Tumeisikiliza mara nyingi. Hatubishani tena.

Fundi wa mawe aliomba picha ya uso wako auchore kaburini kama nyuso za wengine. Hatukuwa nayo. Jiwe lako ni jeusi, limesuguliwa, halina kitu. Anayeinama kukuona hujiona mwenyewe. Asubuhi baba hubisha hodi kwenye nyumba zilizofungwa. Husubiri kidogo zaidi yako.

Jumapili hii, baada ya sala, kilio chako kitachezwa nyumbani kwako. Picha zimegeuzwa, zinatazama tena chumbani. Wenye salamu waje nazo.

Unakumbukwa na kaka yako Ashur, wifi yako Bilgis, watoto wa kaka yako, yaani Tirso, Sivgo na Simandu, Mama Mozol, na majirani waliokutuma na bado wanangoja majibu.

Tutakukumbuka, Shushen, siku zote tutakazopewa, na mlango hatutaufunga.