Kuku wa Kiota cha Mama

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Soko la Mpondwe, mpakani. Elise, mchuuzi wa vyombo kutoka Butembo, alikuwa ameniwekea kuku wa kauri chini ya mabeseni. Kifuniko cha bakuli peke yake, bakuli lenyewe hakuna — kuku ameatamia hewa.

"Muzee ya kuku amefika," akawaambia wenzake. "Leo atanunua hata manyoya."

Wakacheka. Wamezoea. Wazungu wa mashamba waliacha vyombo hivi milimani kwetu, nami huvinunua popote vinapojitokeza. Rafu imejaa.

Nikamgeuza. Kwenye mkia, mstari wa kahawia. Gundi ya viatu. Nikamfunga ndani ya koti, nikapanda boda hadi kwangu Bwera bila kuuliza neno.

Jioni. Tulipokimbia Butembo nilibeba bakuli la mama, lile la umbo la kiota, kwa sababu lilikuwa na chumvi ndani. Kifuniko kikabaki kabatini. Kila kuku niliyempata huku nimemjaribu juu ya kiota hicho. Wote walichezacheza, wakakwaruza. Huyu amekaa. Nikimzungusha, kimya. Mkia ule aliugundisha baba mwenyewe.

Lakini nyumba yetu ya Butembo iliungua. Jean-Bosco, mdogo wangu, ndiye aliyerudi kuangalia. Alisema yamebaki majivu. Kuku huyu hana hata doa la moshi.

Jumamosi, 9 Agosti

Labda waporaji walimchukua kabla ya moto. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi. Nimekaribia kuamini.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi kwa Elise. Kuku alimtoa wapi?

"Mu kabati ya nyumba tunapanga, papa. Ile ya mulango ya bluu, karibu na kanisa."

Nikauliza kama haikuungua.

"Iungue namna gani? Iko na mabati mapya."

Na mwenye nyumba?

"Monsieur Jean-Bosco, anakaa Kasese. Alisema vitu ya kabati tuuze tu, benyewe balishakufa."

Nilimshukuru. Akanitazama, akanisogezea kiti.

Benyewe, wenye vitu. Mimi na Kahambu, mke wangu.

Jumatano, 13 Agosti

Kahambu aliomba azikwe Butembo, kando ya mama yake. Nilimwambia hatuna tena nyumba ya kumlaza usiku wa matanga. Akakubali, akageukia ukuta. Amelala Kinyamaseke, upande huu wa mpaka, kati ya watu wasiomjua. Jean-Bosco alibeba jeneza upande wa kichwa. Alilia kuliko mimi.

Leo siwezi zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Jean-Bosco amepiga simu. Atakuja kula kesho baada ya misa. Bado ananiita yaya, kaka mkubwa. "Yaya, unipikie ugali ya muhogo. Hapa Kasese wananishindisha matoke." Nikacheka naye. Kicheko kilitoka wapi, sijui.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani Butembo, mama alizoea kuweka mayai ya kuchemsha ndani ya kuku, na mgeni ndiye aliyefunua, mwenyeji hakugusa. Alitufundisha sheria moja tu: mshike kifua, usimshike mkia. Naandika mayai yakiwa jikoni.

Baadaye. Jean-Bosco alikula ugali, akasifu samaki, akanisimulia foleni ya malori mpakani. Ndipo nikaleta kuku, nikamweka mbele yake. Nikasema: "Mgeni afunue."

Sikumwambia jingine. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kifua, vidole viwili, taratibu, mbali na mkia. Akamwinua. Kisha akaganda, kuku mkononi, mvuke wa mayai ukimpanda usoni.

"Yaya, hii ulitoa wapi?"

"Mpondwe. Aliyeniuzia anasema wenyewe walishakufa."

Akamrudisha juu ya kiota, polepole, kama kuku mwenye vifaranga. Akasema anatoka nje kidogo, ana mtu wa kumpigia simu.

Simu yake iko hapa mezani. Namwona dirishani: ameshika komeo la lango, hafungui, harudi. Nimemmenyea yai moja, nimemwekea kwenye sahani yake.