Kofia ya Gunia la Mkaa

Busia, upande wa Uganda

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Njombe? Na Mama ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila leo furaha imenizidi hata kukaa kitini siwezi, kwa hiyo usiushangae mwandiko.

Nilikuambia kwenye simu kwamba uzamivu wangu wa uchumi wa mazingira umekaa vibaya. Kwa miezi minne nimekuwa nikihesabu magunia ya mkaa. Nayahesabu Merikit, huko Tororo, yakifungwa kwenye baiskeli, kisha nawafuata waendeshaji wale wale kwa bodaboda hadi sokoni Busia ya Kenya, nahesabu tena. Yanatoka kumi, sokoni yanakuwa kumi na matatu. Profesa akasema mkaa hauzai njiani, na nisipopata sababu mwezi huu, niiache mada nianze upya.

Nikamshuku Mama Nekesa, mwanamke wa Bulumbi anayeupokea mkaa pale sokoni, kwamba anachanganya na wa watu wengine. Jumatatu nikamuuliza, kwa adabu, lakini alinielewa. Akanivuta mkono hadi nyuma ya kibanda.

"Wewe nahesabu gunia tu," akasema. "Hii kofia nani nahesabu?"

Juu ya mdomo wa gunia mkaa ulikuwa umerundikwa, ukazuiwa kwa vijiti, nyasi na kamba. Ushuru wa njiani hutozwa kwa gunia, liwe fupi au refu, basi kule Merikit wanalirefusha. Wakivuka mpaka, Mama Nekesa anazikata kofia na kujazia magunia mapya.

Ni lumbesa, Baba. Lumbesa ile ile ya viazi vyako. Mimi niliyelelewa na ugomvi wako na wanunuzi wanaotaka gunia lenye kofia kwa bei ya gunia la kawaida, nimeitazama miezi minne nisiione. Usomi gani huu? Nilimwomba Mama Nekesa radhi, akanicheka, akanipa muhogo wa kuchoma.

Wanaopanga sera wanahesabu magunia, wanadhani wamejua miti mingapi imekatwa. Hawajajua. Tena ushuru wa gunia ukipanda, kofia inarefuka, na miti inazidi kuanguka. Nilipompigia Profesa nikamweleza, akasema, "Hiyo ndiyo tasnifu yako." Akauliza nimeyasoma wapi. Nikamjibu, kwa baba yangu, mkulima wa viazi.

Msalimie sana Mama, na shangazi wa kwaya. Kaka wa gereji mwambie buti zake zimelijua tope la Tororo.

Lipo jambo moja limenikaa moyoni. Siku ile ulipokataa kufunga lumbesa ukarudi nyumbani ukisukuma viazi vyote kwenye mkokoteni, wenzangu wa shule walicheka, nami nikatembea mbali nyuma yako ili wasijue wewe ni baba yangu. Najua uliniona. Hukusema neno hadi leo. Nisamehe, Baba. Nikirudi, naomba twende sokoni kwa njia ile ile, na mkokoteni nisukume mimi.

Mwanao,
Upendo