Mvua Ambazo Bado Hazijanyesha

Lubondja, Fizi,
Kivu ya Kusini.
Tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Alphonse,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Habari za kambini Nyarugusu? Mguu wako unaendeleaje, na wale majirani waliokuwa wakikuchotea maji bado wapo? Sisi hatujambo. Mama alishikwa na homa mwezi uliopita, lakini sasa anatugombeza kama kawaida, kwa hiyo ujue amepona kabisa.

Barua hii anaileta Saleh, yule mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wetu, wa mjini Baraka anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kila nikipiga unaniuliza kwanza kama mawe yako ya msingi yapo, nami hukosa nguvu ya kusema jambo lingine. Yapo, Mjomba. Yamepangwa vilevile ulivyoyaacha siku ile mliyokimbia, pale kwenye kiwanja ulichokusudia kujenga, na nyasi zimeyapita kimo.

Mimi niko kijijini tangu Juni kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho ya chuo. Wewe hupenda kunitania kwamba nasomea kulima, jambo ambalo bibi alilijua bila shule. Safari hii nasomea kitu kingine: jinsi dawa ya wadudu inavyoshuka ardhini mpaka kufika kwenye maji. Nachimba udongo, napima mchanga wake na mboji yake, kisha naieleza kompyuta yote hayo, pamoja na mvua zetu na nguvu ya dawa. Nayo inaigawa ardhi tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyolundikwa, na kunionyesha tone likipita kutoka mkeka huu hadi ule.

Nikwambie ukweli, kazi hii imenifanya mtu wa ndoto. Naiambia kompyuta inyeshe mvua ya mwaka ujao, inanyesha. Ya mwaka wa mbele yake, inanyesha vilevile. Nakaa kibarazani mchana wa kiangazi, vumbi miguuni, huku niko ndani ya masika ambayo hakuna aliyeyaona. Nikienda shambani nakanyaga polepole, maana najua chini yangu kuna maji yanayotembea gizani bila haraka yoyote. Mama anasema nimeanza kuongea peke yangu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama mdogo Adolphine, dada yako, analima nyanya na kabichi kwenye ule mteremko ulio juu ya chemchemi yetu. Udongo wa pale ni mchanga mtupu, haushiki kitu. Anapuliza dawa kila wiki, maana bila dawa wadudu hawamwachii hata jani, na nyanya hizo ndizo zilizowasomesha wanawe. Maji ya chemchemi nilipeleka kupimwa Bukavu, na leo ni safi. Lakini dawa ya misimu iliyopita iko njiani. Akiacha sasa, nyingi itachakaa kabla ya kufika. Akiendelea hivi, hesabu zangu zinasema itaanza kutokea kwenye chemchemi katika mvua za mwaka ujao. Hesabu inaweza kukosea msimu mmoja, mbele au nyuma. Njia haiikosei.

Nilimweleza, akacheka. Unajua alivyo. "We mutoto," akaniambia, "mihogo chungu tunaitia mu maji, sumu yake inatoka, tunakula. Na hii dawa, maji itaiosha." Na kweli, bugali tuliokuwa tunakula ulitokana na mihogo hiyohiyo, iliyolowekwa kwenye vidimbwi vya chini ya chemchemi. Akina mama wa hapa wote wanaamini hivyo.

Basi nikachukua bomba la plastiki, nikafunga kitambaa chini yake, nikalijaza udongo wa shambani kwake na kulisimamisha kibarazani. Juu nikamwaga maji ya chumvi, mara moja tu. Baada ya hapo kila asubuhi nilimwaga maji matupu, kama mvua, na Mama mdogo alipita kuonja kwa kidole matone ya chini, kama anavyoonja muhogo kujua kama uchungu umetoka. Maji matupu. Kesho yake, matupu. Akaanza kuwaambia majirani kwamba chuo kimenifundisha kumwagilia bomba ili liote. Hata mimi nilianza kuogopa kuwa nimekosea.

Kisha asubuhi moja alionja chumvi. Akaonja tena. Akavuta kigoda akakaa, akaangalia upande wa chemchemi.

"Kumbe maji inaiosha," akasema, "lakini iko inaosha kuja kwetu."

Nilimweleza kwamba chumvi hukimbia na dawa hutembea, kwa kuwa dawa hushikana na udongo kidogo, ila zote zinapita njia moja. Siku hiyohiyo alitundika pompe yake ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa, darini na hajaishusha tena. Nyanya zinaliwa na wadudu, Mjomba. Anazipita bila kuzitazama, wala hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimepima mashamba yote ya familia kumtafutia pengine pa kulima. Yote ni mchanga au yako jirani na maji. Mwisho, unisamehe, nikapima na kiwanja chako. Ni tambarare, udongo wake ni mweusi na unashika, na kiko mbali na maji yote ya kunywa. Nilikinyeshea kwenye kompyuta mvua zote nilizonazo, za neema na za gharika. Dawa ilibaki juu ikachakaa yenyewe, haikufika popote. Nilifurahi, kisha nikalia, kwa sababu katika hesabu ile mahali pa nyumba yako palikuwa pamejaa nyanya.

Mama mdogo anasema hatatia jembe pale bila neno lako mwenyewe. "Pale ni fasi ya yaya ya kurudilia," ameniambia, akimaanisha wewe kaka yake na mahali pako. "Mi siwezi kumunyang'anya."

Najua ninachokuomba. Miaka yote hii umelala katika nyumba isiyo yako ukiiwaza ile itakayosimama juu ya mawe yale, na sina cha kukupa badala yake. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yakiingia sumu chini ya ardhi ndiyo kabisa. Mvua za kwanza si mbali. Mpe Saleh neno moja tu, ndiyo au hapana, atatuletea. Ukikataa hakuna atakayekununia. Mama mdogo ataishusha pompe yake na kupanda tena mteremko, maana watoto lazima wale.

Mama anakusalimu sana. Mama mdogo naye anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia haya. Divine, binti yake, anakusalimu pamoja na mwanawe, huyu wajina wako. Alphonse mdogo ana meno mawili sasa. Wiki hii amejifunza kunywa maji ya chemchemi. Anashika kikombe kwa mikono yote miwili na hataki kusaidiwa.

Mungu akulaze salama huko, na akuamshe salama.

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Félicité