Barua Isiyo na Salamu

Shard End, Birmingham
6 Oktoba 2025

Bibi, sirudi tena darasa la historia!

Tunatengeneza mchezo wa Vita vya Miaka Mia, Waingereza na Wafaransa. Utangulizi nimeuandika mimi. Unaanza, "Sisi Waingereza." Leo Mwalimu Yarrow kampa Cheryl ausome. Nikauliza kwa nini. Akasema, kwa sauti tamu kabisa, "Mpenzi, pale panahitaji mtu wa hapa."

Mimi nimezaliwa hapa! Baba anaendesha basi la Perry Barr tangu sijazaliwa. Cheryl kahamia mwaka jana kutoka Wales, na mwenyewe anasema si Mwingereza!

Mimi, Gurdev, Sagal na Hugues tumefanywa Wafaransa. Hugues, ambaye wazazi wake ni Wakongo, akacheka: "Miye angalau niko najua Kifaransa. Nyie mutapigana na luga gani?" Sikucheka.

Najitoa. Niambie nimefanya sawa.

Asmahan

Unguja
9 Oktoba 2025

Kwa mjukuu wangu Asmahan binti Ishaka,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, ila goti langu linanikumbusha umri. Baba na mama hawajambo?

Ami yako Mkubwa kapokea picha ya karatasi kwenye simu yake, akaanza kunisomea, maana macho yangu hayaoni tena maandishi madogo. Mstari mmoja tu, nikamwambia nyamaza. Karatasi inayoanza kwa ukelele, isiyouliza kama mimi ni mzima au nimekufa, si yangu. Mjukuu wangu nimemfundisha kuandika mimi mwenyewe, kila likizo.

Kukasirika ruhusa. Lakini kwanza unaamkia.

Nangoja barua.

Bibi yako, Mwanamize

Shard End
11 Oktoba 2025

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ami Mkubwa hajambo? Baba na Mama wanakusalimu, sote wazima. Nisamehe, Bibi.

Yaliyonikasirisha nimeyaandika upya nyuma ya karatasi hii. Ila leo nimesoma jambo maktaba nikakukumbuka. Katika vita vile, mfalme wa Uingereza alimwandikia mfalme wa Ufaransa kumwita wapigane, akamtaja "Filipo wa Valois" tu, bila cheo. Naye akajibu: barua imefika hapa ya mtu huyo; si yangu, sijibu. Ni wewe mtupu!

Nimesoma pia kwamba vita vilipoanza, wakubwa wa Uingereza walikuwa wakizungumza Kifaransa. Katikati ya vita ndipo sheria ikaamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo Bibi, hata wao walijifunza kuwa Waingereza, tena kwa kugombana na jirani! Wao walipata zaidi ya miaka mia. Mimi nanyimwa dakika mbili.

Nijitoe au nisijitoe?

Mjukuu wako, Asmahan

Unguja
14 Oktoba 2025

Kwa Asmahan wangu,

Marahaba. Goti afadhali. Barua nimesomewa mara mbili, na sasa nimekasirika mimi. "Mtu wa hapa!" Baba yako kaacha nywele zake nyeusi kwenye mabasi yao.

Lakini hiyo "Sisi Waingereza" nayo imenichoma. Mimi umeniweka upande gani?

Usijitoe. Mwendee mwalimu, msalimie vizuri, kisha mwambie yote. Wala usimchekee.

Bibi yako

Shard End
24 Oktoba 2025

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo? Sisi wazima.

Nilimwendea. Nikamsalimu, nikamuuliza hali ya mama yake anayeumwa, kisha nikamwambia yote. Akawa mwekundu. Akasema atafikiri. Jana, siku ya mchezo, utangulizi wangu ukasomwa na Cheryl.

Mimi nilikuwa mfalme wa Ufaransa. Gurdev, tarishi wangu, akaniletea barua ya mfalme wa Uingereza, ile niliyokusimulia. Niliisoma, nikasahau maneno ya mchezo kwa makusudi. Nikamtazama Mwalimu Yarrow mbele ya wazazi wote, nikasema: "Barua hii inazungumza na mtu wasiyemjua. Mimi naitwa Asmahan. Irudisheni, waiandike upya." Baba, na sare yake ya kazi, akasimama peke yake akapiga makofi.

Bado nina hasira, na bado ni Mwingereza. Wewe, Bibi, nimekuweka mstari wa kwanza, penye salamu. Bila huo hakuna barua.

Leo asubuhi Mwalimu Yarrow alinisubiri mlangoni. Hakutaja mchezo. Aliniuliza, "Asmahan, bibi yako hajambo?"

Nimekufikishia salamu yake. Mjibu wewe, kisha nami nitaona.

Mjukuu wako, Asmahan