Wamama Waliolia Ndani ya Albamu

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya kufanya mzee abaki kitandani akijifanya anafikiria mambo.

Wacha niseme hii mara moja: watu wote wanaisimulia vibaya. Kaloleni wanasema wale wamama walilipwa walie. Muthurwa kuna muuza mitumba anaapa ni pepo zilinaswa na mashine. Wote waongo. Mimi nilikuwa mlangoni, kwa kiti, naona kila kitu.

Na mimi siongezi chumvi. Labda pilipili.

Sikusoma. Naongea, simu inaandika. Ikikosea, hiyo ni shule yake, si yangu.

Stori ni ya albamu ya kwanza ya Mabati Baridi, imetoka leo. Hiyo ni bendi ya mjukuu wangu Nafula na vijana wengine watatu. Wanapiga roki, lakini ati si ile ya kawaida, ni ile ya pembeni. Mimi naiita kelele yenye huzuni. Nafula anaimba na anapiga gitaa vile mimi nilikuwa napiga bati, na Shauri Moyo nzima hakuna mtu alinishinda bati. Masanduku yangu ya bati yameingia shule ambazo mimi singepita hata geti.

Siku ya mwisho ya kurekodi walikuwa wamebakisha wimbo mmoja. Nafula aliutungia babake, mwanangu Wekesa, ingawa jina lake hulisikii mle ndani. Wekesa alikufa nyumbani Bungoma wakati wa korona, barabara zimefungwa. Alizikwa haraka haraka, watu wachache. Sisi huku Nairobi tuliona mazishi kwa simu ya jirani, tena picha inakwama kila mara. Matanga hatukuweka, sababu watu walikatazwa kukusanyika. Baadaye ikawa ni kama imepitwa na wakati.

Huo wimbo ulikuwa umemshinda. Kila akifika katikati, sauti inakatika. Na mitambo ya kurekodi ilikuwa ya kuazima, jioni inarudi kwa mwenyewe. Wimbo ukikataa hiyo siku, albamu itoke bila wimbo wa babake. Aliniambia hivyo mara moja, hakurudia. Hapo nikajua imemkalia vibaya.

Sasa ona makosa ya hao watoto.

Shauri Moyo nyundo hazinyamazi, kwa hivyo waliomba ukumbi wa Kaloleni. Watu wa roki huvaa nyeusi juu mpaka chini. Wakashusha spika. Wakatoa viti vya plastiki nje, wakavipanga, ndiyo wapate nafasi ndani. Halafu mimi mzee nikakaa kwa kiti cha kwanza, na koti, nimeshika tama sababu ya baridi.

Mtu amezaliwa hizi estate akiona hivyo haulizi. Anajua kuna matanga.

Mama Atieno ndiye alifika kwanza, ametoka sokoni na sukumawiki kwa kikapu. Huyo mama hulia kwanza, aulize marehemu ni nani baadaye. Ameshawahi kulia kwa harusi mpaka wakamtoa. Nyuma yake wakaja wengine, leso zimefungwa kiunoni. Ndani, Nafula alikuwa ameanza kuimba. Mama Atieno akanishika mkono.

“Pole, Baba Wekesa. Nani ametuacha?”

Mdomo wangu mnaujua. Nikamjibu kwa utani tu.

“Ni Wekesa.”

Anajua vizuri Wekesa alienda kitambo. Nilingoja acheke, anichape na leso. Hakucheka. Aliweka kikapu chini karibu na miguu yangu.

“Na kweli huyo hatukumlilia,” akasema, akaingia.

Wengine wakamfuata. Walijipanga kwa ukuta, mmoja akaanza kuguna kwa mdundo, wa pili akashika, mara ukumbi wote unalia. Kijana wa ngoma alitaka kuacha. Nafula akamtikisia kichwa aendelee. Sauti yake ikafika pale katikati, ikakatika kama kawaida. Lakini wamama walikuwa wameubeba huo wimbo bila maneno, na hawakuuweka chini mpaka akarudi.

Wimbo ulipoisha, Mama Atieno akapangusa uso na kuuliza chai iko wapi. Hakuna matanga bila chai. Hao mashujaa wa roki walizunguka Kaloleni na hizo nguo zao nyeusi wakiomba majani na sukari.

Kijana wa mitambo alisema hakuna shida, hicho kilio atakitoa kwa kompyuta, ubaki wimbo safi. Nafula alikuwa amekaa chini na kikombe.

“Wacha ikae,” akasema. “Hiyo ndiyo ilikuwa inakosekana.”

Ikakaa. Kwa hivyo mtu akikuuliza nani alitengeneza hiyo albamu, mwambie ni mimi na kiti changu.

Leo nimeusikiza mara mbili nikila viazi. Ni wimbo sawa tu. Ngoma iko juu sana. Nafula alipiga simu kuuliza nimeuonaje, nikamwambia bati langu lilikuwa na sauti nzuri kuliko hiyo. Akacheka. Ni kitambo sijamsikia akicheka hivyo.

Haya, manyunyu yameisha na mimi sina tena cha kujificha nacho. Kuna mahali nimeongeza. Ile ya kusema nilimjibu Mama Atieno kwa utani, hiyo nimeitunga. Jina nilimpa, utani haukuwepo.